Siku Tuliyomtafutia Mgeni Jina

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mbozi, mtoto mchanga akilia asinyamaze hatukumvua nguo. Tulimwitia majina. Wakubwa walisema kuna marehemu wa ukoo anataka jina lake lirudi, ndiye anayemliza. Basi wanakaa, wanataja mmoja mmoja, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Hata mimi langu lilipatikana hivyo, na silichukii.

Mdogo wangu alizaliwa masika, kabla miezi yake haijatimia. Kichwa chake kilienea kwenye kiganja cha bibi. Hakuwa na jina bado, tulimwita mgeni. Mvua haikukatika wiki nzima, nepi hazikauki, kwa hiyo nilizianika upenuni juu ya rundo la visiki vya mibuni mizee ambavyo baba aliving'oa viwe kuni. Bibi, mama yake baba, alinionya kila siku nikung'ute nguo kabla sijaingiza ndani, maana kwenye visiki vile mlikuwa na tandu, na nge, na vingine sivijui majina. Alikuwa akinitania, "Mke mwenzangu, mikono yako kwenye kula haichoki, kwenye kukung'uta ndiyo inachoka."

Siku ya sita mama aliniita, mgeni amelowa. Nikachomoa kipande cha kanga, nikakimbia nacho. Sikukikung'uta. Nasema hivi kwa sababu miaka mingine nimejidanganya kwamba nilikikung'uta kidogo. Sikukikung'uta kabisa. Mama akamfunga nacho, akamzungushia blanketi, maana baridi ya kwetu inaingia mpaka kwenye mfupa.

Haukupita muda akaanza kulia, kilio cha kukatika pumzi. Mama akampa titi, akalikataa. Shangazi akasema huyu sasa anadai jina. Bibi akachukua maji kwenye kibuyu, kila jina anampaka tone utosini. Walianza kwa utani, ilikuwa shughuli ya furaha. Kulikuwa na ndugu mmoja aliyekufa kwa pombe, shangazi akasema yule msimtaje, tutakuja kulea mlevi. Mama akacheka, amechoka, huku amembana mtoto kifuani ili atulie. Huko kumbana ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Majina yakaenda, asubuhi ikaisha. Sauti yake ikawa inapungua, na wenyewe wakasema tunakaribia. Bibi alipofika kwa Nzowa, mume wake mwenyewe, babu yetu, mtoto akanyamaza. Wakapiga vigelegele. Shangazi akatoka kwenye mvua hivyo hivyo kwenda kuwaambia majirani.

"Nilijua tu," bibi akasema. "Yule mzee alikuwa mbishi, lazima angojewe."

Mama akapewa uji, na bibi akamchukua Nzowa chumba cha pili kumbadilisha. Mimi nilishika beseni. Alipofungua kile kipande cha kanga, tandu akadondoka kwenye mkeka, mwekundu, mrefu kama kiganja changu. Bibi akamponda kwa kigoda. Paja la mtoto lilikuwa limevimba, gumu, lina vidoa viwili viwili, na tumboni pia. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa nusu wazi, anapumua kama anasahau, halafu anakumbuka.

Bibi hakupiga kelele. Alinitazama. Alijua nguo imeletwa na nani. Kisha akasema taratibu, "Mama yako asijue. Akijua alikuwa anambana huku mtoto anaumwa na mdudu, nitazika wawili."

Akamwambia mama mtoto ana joto. Baba akambeba kuelekea zahanati, akarudi naye kabla hajafika hata barabara kubwa. Bibi alimwosha na kumvika peke yake, hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Akawaambia watu kwamba babu alimpenda mno, ndiyo maana amekuja kumchukua. Wakakubali. Nani angembishia mjane wake Nzowa? Na mimi hakunichapa, hakunisema. Visiki vile alivihamisha mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa shamba.

Sasa naishi Tunduma kwa binti yangu. Nyumba ni ya bloku, sakafu ya saruji, lakini masika tandu wanapanda kwa lile tundu la maji la bafuni. Nimewaambia waliwekee wavu. Magunia ya mkaa nimeyatoa ukutani, viatu navigonga kabla ya kuvaa, godoro tunaliinua. Mtoto akilia, mimi namvua kwanza mpaka abaki uchi, hata kama kuna baridi. Natazama kwapani, mapajani, kwenye mikunjo yote. Mkwe wangu aliwahi kusema nawatesa watoto. Nikamwacha aseme. Akishatazamwa, wanaotaka kumwitia majina waite, sina ugomvi nao.

Mama alizeeka sana. Mara nyingi nilitaka kumwambia, tukiwa wawili tu tunachambua kahawa, na kila mara yeye ananiwahi, ananisimulia jinsi mwanawe alivyonyamaza pale pale alipotajiwa babu yake. Ndiyo ilikuwa faraja yake, na alikufa nayo. Mimi nimebaki najua kwamba yule mtoto hakuwa anaomba jina la mtu. Alikuwa anaomba avuliwe nguo, na sote tulikuwa pale.