Petroli ya Mzee Kenyi, Njia ya Gurei

Sikulazimishi uamini habari za mizimu, maana siku zile hata mimi sikuziamini. Ninakuomba jambo moja tu: usiseme nilikuwa nimelewa. Pombe sijawahi kuonja, na mke wangu alikuwepo, akaona nilichokiona. Mtoto ambaye habari hii ilimhusu yu hai mpaka leo. Ningekuwa mwongo, ningechagua uongo unaonipa sifa. Huu hauniachi na sifa hata moja.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya watu kuanza kurudi Juba kutoka ukimbizini Uganda. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza cherehani. Nilijifunza kazi hiyo Masindi, huko Uganda, kwa fundi mmoja mkali, na niliporudi nyumbani nilikuwa na mke wangu Poni, binti yetu Keji wa mwaka mmoja na nusu, sanduku la vifaa, na pikipiki kuukuu ambayo ilishapita mikononi mwa watu wengi. Tulijenga Gurei, upande wa magharibi, ambako siku hizo kulikuwa na nyumba chache na pori kubwa. Kila asubuhi nilipanda pikipiki kwenda kutafuta mafundi nguo wa mjini, ambao sindano zao hazikuisha kukatika.

Bila pikipiki sina kazi. Na bila petroli sina pikipiki. Sasa petroli utainunua wapi?

Bomba la mjini lilikuwepo, lakini mara nyingi lilikuwa kavu, na siku lilipopata mafuta, magari ya serikali yalitangulia. Mtu wa pikipiki alisimama juani mpaka akili ikayeyuka, kisha akaambiwa yamekwisha. Kwa hiyo tulinunua kwa watu binafsi, waliokuwa na mapipa nyumbani. Mimi niliwajua wawili.

Wa kwanza alikuwa Mzee Kenyi. Rakuba yake, yaani kibanda chake cha nguzo na nyasi, ilikuwa kando ya njia ya Gurei, chini ya mlima wa Kujur. Alikuwa na pipa moja, na kofia ya zamani ya kitambaa kizito ambayo aliitumia kuchujia petroli ili maji yabaki kwenye kitambaa. Alikuwa mrefu, mabega yamepanda, na hakuwa mtu wa maneno. Kabla hajakuuzia, alidondosha tone moja mgongoni mwa mkono wako.

Aliniambia siku ya kwanza, "Ngoja. Ikiwa baridi na ikauka, kwes, ni nzuri, nunua. Ikibaki na utelezi, iko na mafuta ya taa. Hata kama ni mimi nimekuuzia, kataa."

Nilinunua kwake miezi mingi, na niamini, pikipiki ile kuukuu iliimba kama mpya.

Shida ilikuwa maneno ya watu. Mzee Kenyi aliishi peke yake, na hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi. Asubuhi aliuza, mchana akalala, na jua likizama hukumkuta. Mbwa wa Gurei, ambao walibwekea hata kuku, walipita kwenye rakuba yake kimya, mkia katikati ya miguu. Basi watu wakasema ni mtu-fisi. Mama mmoja aliapa kwamba alimwona akiinama kwenye kijito kunywa maji, na aliyeinuka hakuwa mtu. Mimi nilicheka. Lakini ukicheka peke yako kila Jumapili kanisani, mwishowe kicheko kinaisha. Poni naye akaanza. Akaniambia kwamba wanawake wenzake hawakai tena karibu naye kwenye benchi kwa sababu mume wake ananunua kwa kujur, kwa mchawi.

Sikuwa na ushujaa. Nikahamia kwa wa pili.

Huyu alikuwa Wani wa mtaa wa Malakia, mjini, kijana nadhifu, naye alikulia Uganda kama sisi. Alinikalisha kwenye kiti, akaniletea chai, tukazungumza habari za Masindi na za maembe ya kule. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi iko na petroli safi kabisa. Sisi watu wa Uganda tusipouziana vizuri, nani atatuuzia?" Utamwambia mtu kama huyo adondoshe tone mkononi? Niliona ni kumtukana. Nikajaza tangi, nikamshukuru, nikaondoka nimefurahi.

Kesho yake asubuhi pikipiki ilianza kutoa moshi na kukatakata. Nilipopita mbele ya rakuba ya Mzee Kenyi niliangalia upande wa pili kama mtu anayemkwepa mdai wake, ingawa hakuwa ananidai chochote. Alisimama tu na kofia yake mkononi.

"Pikipiki yako inakohoa leo, mwanangu," akasema.

Hakuwa na hasira. Nilipunga mkono nikapita. Naona aibu hiyo hadi leo.

Siku hiyohiyo, mchana, Keji alishikwa na homa. Tulimkanda kwa maji, tukadhani itashuka. Jua lilipokuwa linazama, mwili wake ukakakamaa, macho yakageuka juu, akaanza kutetemeka mikononi mwa mama yake. Poni hakulia. Alisema tu, "Baba Keji, washa pikipiki, twende hospitali," akamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akapanda nyuma yangu.

Tulikwenda nusu ya njia. Pale ambapo nyumba za Gurei zimekwisha na za mjini hazijaanza, pikipiki ikakohoa mara tatu ikazima. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Nikafungua plagi, nikaikuta nyeusi, imelowa mafuta. Nikashika petroli iliyovuja kidogo chini ya tangi, nikaisugua kati ya vidole: utelezi mtupu. Mafuta ya taa. Nilijua wakati huohuo nani aliyenipa, na kwa nini nilikwenda kwake.

Giza lilikuwa linaingia. Kulikuwa bado na wekundu nyuma ya mlima, lakini porini huoni tena mti na mti. Nikamwambia Poni tutembee, tutasukuma. Tukaenda hatua labda mia, kisha tukasikia nyasi upande wa kushoto. Halafu upande wa kulia. Siku hizo fisi walikuwa wengi, na wewe ungefanya nini, una mke, mtoto mgonjwa na spana moja? Tulisimama. Keji, ambaye alikuwa akigumia muda wote, akanyamaza. Ukimya ule uliniogopesha kuliko fisi.

Ndipo mmoja akatoka kwenye nyasi akaja katikati ya barabara, mbele yetu, hatua kumi hivi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu huniangalia vibaya. Alikuwa fisi mkubwa, mabega yamepanda. Na mdomoni alikuwa amebeba kopo. Kopo la rangi, lenye mkono wa waya. Waya ule ameuuma, na kopo linaning'inia chini ya kidevu chake. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Aliliweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga. Akarudi nyuma, akaketi.

Poni alinishika shati. "Usiende," akasema. Kisha yeye mwenyewe akaliachia lile shati.

Nikaenda. Siwezi kukuambia nilikuwa jasiri. Nilikwenda kwa sababu nyuma yangu mtoto alikuwa kimya. Nilipiga magoti pale, karibu naye kiasi kwamba nilisikia anavyohema, na harufu niliyoipata haikuwa ya mnyama. Ilikuwa harufu ya petroli. Nikafungua mpira, nikadondosha tone mgongoni mwa mkono wangu. Likawa baridi. Likakauka.

Nilifanya kazi kama mtu aliye ndotoni. Nikachomoa mpira wa tangi, nikamwaga petroli ya Wani yote chini, nikafuta plagi kwa shati, nikamimina ile ya kopo. Wakati wote huo fisi wengine walikuwa wanazunguka. Niliona macho yao yakiwaka na kuzima kwenye nyasi. Na yule wetu, nisamehe kumwita wetu, aliinuka akaanza kutuzunguka. Jozi moja ya macho iliposogea, alikwenda upande huo akasimama, na macho yakarudi nyuma. Akaendelea hivyo mpaka nilipomaliza.

Kiki ya nne, pikipiki ikawaka. Taa ilimpiga usoni mara moja tu. Hakukimbia. Alipisha njia, kama mzee anavyowapisha watu wenye mgonjwa, tukapita.

Hospitalini walimpokea Keji wakamchoma sindano. Muuguzi, mama mnene aliyekuwa na usingizi, alituambia ni malaria imepanda kichwani, na kwamba tungengoja asubuhi tungeleta maiti. Kulipokaribia kupambazuka mtoto alifungua macho akaomba maji. Poni akalia wakati huo, si kabla.

Niliwaacha hapo nikaenda kurudisha kopo.

Mzee Kenyi alikuwa ameketi ndani ya rakuba na bilauri ya chai iliyopoa. Alikuwa hainywi, na nilipokaribia niliona kwa nini. Pembe zote mbili za mdomo wake zilikuwa zimechanika, mbichi, kwa mstari mwembamba kama alama ya waya. Nilimpa kopo kwa mikono miwili. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Mtoto amekunywa maji?" akauliza.

Hakuna mtu aliyekuwa ametoka hospitali kuja Gurei kabla yangu. Nilikuwa wa kwanza.

"Amekunywa, mzee," nikasema. "Asante, baba. Nisamehe."

Akatikisa kichwa. "Khalas. Yameisha. Lakini usiseme habari hii wakati mimi bado niko hapa. Watu hawatafurahi kama wewe."

Nikaahidi. Nikanunua petroli, naye akadondosha tone mkononi mwangu kama kawaida.

Ungedhani yaliishia hapo. Baada ya wiki chache fisi waliingia boma moja la Gurei wakala mbuzi, na vijana wakaamua kwamba imetosha. Walikuja kwenye rakuba asubuhi, na marungu na kiberiti. Nilifika nikiwa nimechelewa, mimi na Poni tukitokea nyumbani kwa miguu, mtoto mgongoni. Nilitaka kusema, lakini niseme nini? Ukweli ungewapa sababu ya kumwua, na uongo haukunijia. Mzee Kenyi alisimama kando, hakujitetea, kofia yake mkononi.

Poni, ambaye miezi mingi alinisumbua nimwache mtu huyu, aliwapita vijana wote. Akaenda akaketi juu ya pipa la petroli. Akamshusha Keji mgongoni, akatoa ziwa, akaanza kumnyonyesha hapohapo, mbele ya kila mtu.

"Choma," akawaambia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Huyu mtoto alifika hospitali kwa petroli ya huyu mzee. Nani kati yenu alitusaidia usiku ule? Mimi sitoki hapa."

Hakuna aliyechoma. Mmoja akaangalia chini, mwingine akamkumbuka ng'ombe wake, wakatawanyika. Poni alikaa juu ya pipa mpaka jua likawa kali. Mzee Kenyi alimletea bilauri ya chai, akaipokea akainywa yote. Tangu hapo wanawake wa kanisani walipokataa kukaa karibu naye, Poni aliweka kanga yake kwenye nafasi ile na kumlaza mtoto.

Mzee Kenyi aliishi nasi miaka mingine kadhaa. Keji alikua akicheza kando ya pipa lake. Alimwita jidu, babu, naye alimchekea, yeye ambaye hakumchekea mtu. Kisha asubuhi moja tukakuta rakuba imefagiwa safi na yeye hayupo. Hatukumtafuta. Niliona kwamba mtu anayefagia kabla ya kuondoka hapendi kufuatwa. Kwa kuwa hayupo tena, ahadi yangu imekwisha, ndiyo maana nasimulia.

Keji sasa ni mama wa watoto. Fisi wakilia upande wa Kujur, watoto wake hukimbilia ndani, yeye hubaki uani. Wakati mwingine huweka bakuli la maji nje ya uzio. Sijawahi kumwuliza kwa nini, wala sikumfundisha. Mimi nikisikia sauti ile huvua kofia yangu, na nasema asante kwa sauti ndogo, nikiwa mzee mwenye akili zangu.

Sasa nakuonya, wewe unayesafiri njia zenye pori. Kuna wanyama wa kuogopwa, sikatai, na wanaua. Lakini ikitokea siku mmoja akakusimamia njiani na asikurukie, usiokote jiwe upesi. Angalia kwanza amebeba nini.