Blanketi la Bibi na Pipa la Maji ya Moto

Siku ile siisahau, mwanangu. Hata nikifika mbinguni malaika akaniuliza jina langu, nitaanza kumsimulia hiyo siku kwanza, jina baadaye. Ni siku niliyochukua blanketi la kutosha kumfunika ng'ombe na ndama wake, nikalitumbukiza kwenye pipa la maji ya moto, nikalitoa likiwa saizi ya sinia la chai.

Usicheke kwanza. Bibi yako hapa pembeni ameshaanza kucheka na mimi bado sijafika popote.

Juzi ulinipigia simu kutoka huko chuoni. Ukasema, "Babu, tunapelekwa fildi kiwanda cha nguo, na mimi naogopa. Pale kuna watu wamekaa na mashine tangu sijazaliwa. Nikiwauliza kitu watasema, huyu mhandisi gani wa nguo hajui uzi?" Ukasema bora unyamaze, uandike tu kwenye daftari kama umeelewa. Halafu salio likaisha, langu au lako, sijui. Sasa shangazi yako ameshika simu anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze kitu, maana chumvi ya kuongeza ninayo mwenyewe ya kutosha.

Unajua mimi shule niliiona kwa nje, nilipokuwa napeleka masweta. Nilitoka kwetu Tukuyu kijana mbichi, nikaja Iringa mjini, nikajifunza kufuma kwa mashine. Kazi ilikuwa masweta ya shule. Nilifuma ya kijani, ya bluu, ya damu ya mzee, mpaka nikilala mikono inaendelea kwenda kushoto na kulia. Hapa Iringa baridi ile ya mwezi wa saba ilikuwa kali hivi kwamba jogoo akiwika, sauti inaganda, unaisikia saa nne jua likiiyeyusha. Kwa hiyo sweta zilikwenda. Na mimi kichwa kikavimba. Nikawa nasema mbele za watu, hakuna uzi chini ya jua ambao mimi siujui.

Nilikuwa nimeujua mmoja tu, mwanangu. Ule wa masweta ya shule. Lakini huo mmoja niliujua vizuri mno, nikadhani ndio ukoo mzima.

Basi nikampenda Yustina, binti wa Kalenga. Ndiyo, huyu huyu anayecheka hapa. Usimwamini akikwambia alikuwa wa kawaida. Akipita barabarani, magari ya mizigo yaendayo Mbeya yalikuwa yanapiga honi kutoka Ipogolo kule chini hata kabla hayajamwona.

Tukapeleka barua, ikajibiwa, tukapewa orodha. Ng'ombe, majembe, koti la baba, mkaja wa mama, na mwisho kabisa, blanketi la bibi yake Yustina. Mshenga wangu alikuwa binamu yangu Ambakisye, mtu wa maneno, akanielewesha. "Kaka, hivyo vingine vyote vinajadilika. Blanketi halijadiliki. Ukoo ule bibi anafunikwa blanketi mbele ya watu. Akisimama akapiga kigelegele, umepata mke. Akilivua akaliweka chini, tunarudi na ndizi zetu Tukuyu."

Na bibi mwenyewe sio bibi wa mchezo. Bibi Agatha alikuwa msusi wa vikapu vya milulu, zile nyasi ndefu za kwenye maji. Kikapu chake ukikijaza maji asubuhi, jioni yapo, na samaki wameshazaana humo. Haya, samaki nimeongeza. Maji ni kweli.

Watu wengine wote wananunua blanketi dukani, wanafunga kwenye karatasi, mambo yanaisha. Mimi nikasema hapana. Fundi mzima kama mimi ninunue blanketi? Nitafuma mwenyewe, la kuonekana mpaka Ruaha Mbuyuni.

Akapita mama mmoja kutoka Makete na mafundo ya sufu ya kondoo, uzi mnene, mtamu kwenye mkono. Nikachukua wote. Nikafuma vipande virefu, nikaviunganisha kimoja kimoja. Mwanangu, lile blanketi! Ukilikunja halipiti mlangoni, ukilikunjua inabidi umwombe jirani ruhusa.

Ila lilikuwa na harufu. Yustina alikuja kuliona, akaliinamia, akakunja pua. "Hili blanketi linanuka zizi. Bibi atadhani umemletea kondoo hajachinjwa."

Nikamwambia, "Nitalifua. Kwani masweta nafuaje?"

Masweta nilikuwa nachemsha maji, naweka sabuni ya mche, natumbukiza, nakanyaga kwa miguu mpaka mafuta ya mashine yanatoka. Yanatoka safi, saizi ile ile. Nimefanya hivyo mara elfu. Nikawasha moto, nikaweka pipa juu yake.

Fundi mwenzangu, Mzee Sanga, ambaye alikuwa mtu wa huko huko Makete kwenye kondoo, alikaa kwenye kigoda anakunywa chai. Akaniangalia. Akauliza taratibu, "Kijana, umejaribu kipande kwanza?"

Yaani sentensi fupi namna hiyo. Ningeuliza tu, "Kwa nini, mzee?" hadithi ingeishia hapo, na wewe ungekuwa na babu mwenye heshima. Lakini pale kulikuwa na mafundi wengine wanasikiliza. Mimi niliyesema najua nyuzi zote nikaulize swali? Nikamjibu, "Mzee, endelea na chai."

Akaendelea na chai.

Nikatumbukiza blanketi. Maji yalipopoa kidogo nikaingia, nikakanyaga, naimba. Wimbo wa kwanza, naona miguu inazama vizuri. Wimbo wa pili, naona kitu kimekuwa kizito. Wimbo wa tatu, nakanyaga kitu kigumu kama mkate wa juzi. Nikainama, nikavuta. Nilipotegemea kuvuta mpaka jioni, lilitoka lote mara moja, mkono mmoja tu. Nene, gumu, limekunjamana, dogo! Ungeweza kulikatia soli za viatu.

Mzee Sanga akashusha kikombe. Akasema, "Pole." Basi. Hilo neno mpaka leo linanichoma kuliko lile pipa.

Na ugeni ulikuwa kesho yake! Kalenga kule wameshachemsha maharage, ulanzi, ile pombe ya mianzi, umeshagemwa, wajomba wameshafika. Ambakisye alipoliona akakaa chini. Tukalivuta, yeye huku, mimi kule, miguu tumeegemeza ukutani. Tukalitundika tukalifunga mawe chini. Asubuhi mawe yalikuwa yamepanda juu, blanketi limeyavuta. Shangazi yako ananiangalia vibaya. Andika tu, mama, ndivyo ilivyokuwa.

Tukaenda nalo hivyo hivyo. Njiani Ambakisye ananiambia, "Kaka, sema ni fasheni."

Kufika, tukasalimiana Kihehe, kamwene, kamwene, tukakaribishwa. Ng'ombe wakakubalika, koti likakubalika, mama akafungwa mkaja wake. Kisha Bibi Agatha akaletwa katikati, akakalia mkeka, mdogo, mkavu, macho kama ya mwewe. Yustina kasimama nyuma na dada zake, ananiangalia kwa matumaini, maana yeye blanketi aliliona lile la kwanza.

Ambakisye akafungua karatasi polepole, kama mtu anayefungua barua ya hospitali. Akaliweka mgongoni kwa bibi. Likakaa bega moja. Bega la pili likabaki nje na baridi yake.

Nilisikia maharage yanavyochemka.

Shangazi mmoja wa kule akasema, "Jamani, hili ni blanketi au kofia?"

Watu wakaangua kicheko, lakini Yustina hakucheka. Alishika mdomo. Nikajua kabisa, bibi akiliweka lile chini, huyu sina tena. Na wewe usingekuwepo, mwanangu, wala baba yako, wala huyo anayeandika.

Bibi akanigeukia. "Mkwe, mbona hivi?"

Nikafungua mdomo, na aibu yangu ikasema badala yangu. "Bibi, hii ni fasheni ya mjini. Wanavaa bega moja."

"Ahaa," akasema. Akachomoa kiuzi ukingoni mwa blanketi. Akainuka mwenyewe, akaenda mafigani, akakiweka kwenye moto. Kikajikunja, kikanuka nywele zilizoungua. Akakisaga kwa vidole, kikawa unga. Akarudi, akanivuta sweta niliyovaa, moja ya zile zangu, akakata uzi kwa meno. Huo ulipofika motoni haukuungua, uliyeyuka, ukawa kijidonge cheusi kigumu. Akavuta na uzi wa kanga yake. Huo ukawaka kama karatasi, ukaacha jivu.

Akaja akasimama mbele yangu. "Umeona? Huyu ni nywele za mnyama, huyu ni plastiki, huyu ni pamba. Mmoja anaungua, mmoja anayeyuka, mmoja anawaka. Watu watatu, tabia tatu. Wewe umewaogesha wote maji ya aina moja. Mimi milulu yangu nimeisuka tangu sijaota meno ya ukubwani, na mpaka leo kila fungu jipya nachukua ujiti mmoja, nauloweka, naukunja, naona utasemaje. Kule mjini hakuna mtu aliyekwambia ujaribu kipande?"

Macho yote kwangu. Ambakisye ananikanyaga mguu, ananong'ona, "Sema hapana, sema hapana!"

Nikamwangalia Yustina. Nikashindwa kudanganya mara ya pili. Nikapiga magoti kabisa. "Bibi, yupo aliyeniambia. Mzee mmoja. Niliona aibu kumuuliza kwa nini, kwa sababu nilishajisifu kwamba najua nyuzi zote. Najua mmoja tu, bibi. Huo uliokuwa kijidonge."

Bibi Agatha akaniangalia. Halafu midomo yake ikaanza kutetemeka. Nikadhani analia. Kumbe ni kicheko kinatafuta njia! Akacheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka kuku wakaondoka uani.

Alipopumua akatoa hukumu. "Hili silivui na sijapiga kigelegele. Mwali anakaa hapa. Wewe nenda kwa huyo mzee, kamuulize. Kisha nifumie lingine. Likifika miguuni, tutaongea."

Nikarudi mjini na mkia katikati ya miguu. Nikamkuta Mzee Sanga kwenye kigoda chake, na chai, kama vile hakuinuka. Nikasema, "Mzee, nisaidie, sijui." Nilidhani atanicheka. Mwanangu, uso wake ulichanua! Yule mzee alikuwa na maneno ya miaka yote kifuani na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaongea mpaka chai ikapoa. Maji baridi, sabuni kidogo, usikanyage, kamua kwa kukandamiza tu, kausha chini, usitundike. Tukafuma kipande cha kiganja, tukakipima kwa njiti za kiberiti, tukakifua, tukakausha, tukakipima tena. Kilipungua njiti moja. Basi tukajua blanketi tulizidishe kiasi gani.

Tukaenda Kalenga mara ya pili. Ambakisye alilifungua, akamfunika bibi kuanzia kichwani. Likashuka mabegani, likashuka magotini, likafika miguuni, likabaki la kukalia wajukuu wawili. Nikahesabu mapigo ya moyo wangu mpaka nikapotea hesabu. Halafu humo ndani kikatoka kigelegele! Kigelegele kirefu, nakwambia, mabasi yaliyokuwa yanapandisha kuja mjini yalisimama kusikiliza.

Sasa sikia nikwambie, na hapa sina chumvi.

Huko kiwandani ukifika, siku ya kwanza tafuta yule aliyekaa na mashine muda mrefu kuliko wote. Msalimie, shikamoo kamili. Umwambie, "Mzee, au mama, mimi nimesoma, lakini huu uzi wako siujui, niambie." Atafurahi kuliko kama ungempelekea sukari. Usione aibu. Aibu ya kuuliza ni ya pumzi moja. Aibu yangu ya kutouliza, unaona mwenyewe, bibi yako anaicheka mpaka leo, na meno hana tena ya kuchekea. Na kitu chochote kipya wakikupa, hata karatasi iseme nini, chukua kipande kidogo, kiloweke, kichome, kinyooshe, ndio uweke mzigo mzima. Tena ulipokuja likizo ulinieleza kwamba kwenye maabara mlichoma nyuzi mkazinusa. Moyoni nilisema, kumbe Bibi Agatha alikuwa na digrii, hakuna aliyemvalisha joho.

Ukikosea, sema umekosea. Usiseme ni fasheni.

Lile blanketi dogo Bibi Agatha alilivaa begani mpaka baba yako alipozaliwa, ndipo akatupatia sisi. Lilimtosha mtoto sawasawa, kama vile lilimpimia yeye. Wewe pia umelilalia. Kesho litapanda basi kuja kwako, bibi yako ameshalifunga pamoja na unga na maharage ya kwetu. Liweke kwenye kiti chako huko kiwandani. Wakiuliza ni nini, wasimulie.

Nenda, mjukuu wangu, mke wangu mdogo. Mungu wa Bibi Agatha akutangulie mlangoni pa hicho kiwanda. Uzi usikukatikie mkononi, mashine ikutii, wakubwa wako wakufungulie vifua vyao. Na utakachokifuma duniani kiwatoshe watu mpaka miguuni, kibaki na cha kukalia wajukuu.