Nusu Sekunde ya Wakili

Mdogo wangu ana kazi ambayo mimi, fundi cherehani, ilinichukua miaka kuielewa. Anakagua draiva, yaani vile vipande vya programu vinavyoifanya kompyuta ielewane na kifaa kilichochomekwa. Watu wa mbali, asiowajua hata kwa sura, wanatuma marekebisho. Yeye anasoma, anajaribu, akiridhika anaandika chini, "Nimekagua, nimejaribu," na jina lake. Mimi nashona sare upande huu wa sebule, yeye anagonga vitufe upande ule, na feni tunagombania.

Jumanne asubuhi ikaja barua fupi. Mtu mmoja, mimi nikambatiza Mpiga Deki, alikuwa anafanya usafi kwenye draiva ya mashine ya nukta nundu, ile ambayo asiyeona anaiwekea vidole na maandishi ya kompyuta yanamwinukia chini yavyo. Alikuta mistari minne inayoiambia mashine kwamba kitufe cha kwenda mbele kikishabonyezwa, isisikilize kingine kwa nusu sekunde. Juu yake kuna maelezo: kitufe cha mashine hii ni kibovu, hujibonyeza mara mbili. Mpiga Deki alijaribu mashine tatu, vitufe vyote vizima. Akauliza kwa adabu zake zote, aliyeandika aliuona wapi ubovu huo?

Aliyeandika ni mdogo wangu. Na kitufe hakikuwa na ubovu wowote, jamani. Ilikuwa mikono ya binti yake.

Tulimwita Wakili kwa ubishi. Ukimwambia mvua inanyesha, anataka ushahidi. Alizaliwa haoni na hilo halikumnyima usingizi; kwa vidole alisoma haraka kuliko mimi na miwani yangu. Alipotimiza miaka kumi na tisa, ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukaanzia mikononi. Anabonyeza mara moja, kidole kinatetemeka kinapiga mara mbili, mstari mzima unamruka. Siku moja nilimkuta analia, mtoto yule asiyelia. Baba yake akaandika ile nusu sekunde, naye akasoma tena. Lakini kila kompyuta ilipojisasisha, mistari ile ilifutika, ikabidi aiingize kwenye draiva ya watu wote, na huko huwezi kuingiza kitu bila kutoa sababu.

"Baba, usiandike ni mimi," Wakili alimwambia. "Sema ni mashine."

Akamwapia. Miezi saba baadaye tukamzika.

Sasa mimi nikaona jambo lenyewe jepesi. Nikamwambia ashikilie hapohapo kwamba kitufe ni kibovu, nani atakuja kukifungua? Akanionyesha barua ya pili. Mwalimu mmoja asiyeona alikuwa ameeleza kwamba miaka mitatu sasa, kila akibonyeza anasubiri, darasa zima linamngoja amalize sentensi, na yeye siku zote alidhani mashine yake imezeeka. Nilikuwa na hasira, nikatafuta wa kumfokea nikamkosa, maana mwalimu hana kosa na Mpiga Deki hana kosa.

"Basi sema ukweli," nikamwambia. "Sema ni mwanao. Na wao ni watu, wataelewa."

"Nilimwapia, dada."

"Ameshakufa, mdogo wangu."

"Ndiyo maana siwezi kumwomba ruhusa."

Kwa utaratibu wao, mkaguzi haandiki amejaribu kama hajajaribu, na mashine ya aina ile nyumbani kwetu ni moja tu. Akaitoa kabatini, akaifuta vumbi kwa pindo la shati, akaiwekea draiva mpya, isiyo na ile mistari minne. Nukta nundu alijifunza pamoja na mwanawe. Akaweka vidole, akabonyeza, mistari ikaenda haraka na sawasawa. Halafu akautetemesha mkono wake mwenyewe, vilevile kama ulivyokuwa ukitetemeka wa Wakili, akabonyeza. Mstari ukamruka. Akarudi nyuma, akarudia, ukamruka tena. Nilimwambia aache, inatosha.

Akaandika jibu, nami nimesimama nyuma yake nasoma. Aliomba radhi kwa mwalimu. Akasema kosa ni lake na hakumbuki kwa nini aliandika mistari ile. Nimekagua, nimejaribu, iondolewe. Hakumbuki! Mtu anayeweza kukutajia siku, saa, na gauni alilovaa mwanawe mistari ile ilipoandikwa.

Mchana Mpiga Deki akajibu kwamba asijali, hayo humtokea kila mtu, na kwamba draiva sasa ni safi. Mdogo wangu alikuwa ananisomea kwa sauti. Alipofika kwenye neno safi akashindwa kuendelea. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa anapanga viti vya watu. Siku hii alilia mpaka saa tisa, na mimi sikumnyamazisha.