Tangazo Nililoliona Peke Yangu

Kila aliyeingia ofisini kwetu alikuwa na lake kuhusu tovuti. Mkurugenzi alitaka picha yake ikae juu kabisa. Watu wa miradi walitaka picha za visima, zile zile za kila mwaka. Na mimi, niliyeajiriwa kutunza stoo ya mabomba, nilikabidhiwa tovuti kwa sababu siku moja nilionekana nikitengeneza printa.

Lilikuwa shirika dogo la kuchimba visima, Singida mjini. Mfumo wa tovuti ulidai kusasishwa kila nilipoufungua. Ukisasisha hiki, kile kinagoma. Modemu nayo ilikamata mtandao dirishani tu, kwa hiyo nilifanya kazi nimekaa upande, jua linanichoma sikio. Nilichoka na kazi ile, nasema kweli. Nilichoka mpaka nikaacha kusoma maandishi kwenye kioo cha kompyuta, nikawa nabonyeza tu.

Mwaka mmoja tulitangaza nafasi ya fundi wa pampu. Akaja dada kutoka Sekenke, barua yake mkononi. Kazi alifundishwa na baba yake, wakitengeneza pampu za wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Akaniuliza majibu atayapataje.

"Angalia kwenye tovuti," nikamwambia. "Siku hizi hatubandiki ukutani."

Nilisema kwa majivuno. Kuondoa ubao wa matangazo lilikuwa wazo langu.

Majina ya walioitwa kwenye usaili yalipotoka, nikayaingiza, la kwake likiwemo. Mfumo ulikuwa umetoka kusasishwa na vitufe vimehamishwa. Nikabonyeza kimoja, nikafungua ukurasa, nikaliona tangazo limekaa vizuri. Nikaenda kunywa chai.

Siku ya usaili walikuja wawili tu, wote wa hapa mjini, wote wana ndugu zao ofisini waliowapa habari. Nikasema moyoni kwamba wale wengine hawana shida na kazi. Akachukuliwa mmoja.

Siku tatu baadaye dada wa Sekenke akaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hukuja kwenye usaili?"

"Usaili gani?"

Nikamgeuzia kioo kwa hasira, aone mwenyewe. Tangazo lilikuwa pale. Naye akatoa simu yake, akaifungua tovuti yetu mbele yangu: picha ya mkurugenzi, picha za visima, hakuna kingine. Hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimelihifadhi kama rasimu, sikulichapisha. Mimi nililiona kwa kuwa nilikuwa nimeingia kwa neno la siri, na aliye ndani ya mfumo huonyeshwa hata yale ambayo hayajatoka nje.

Nikamweleza yote. Nilitamani anitukane, ningepumua. Akaniambia tu kwamba kila asubuhi alikuwa anapanda mlima kutafuta mtandao, anaangalia, anateremka kwenda shambani.

"Na nafasi?" akauliza.

"Imeshapata mtu."

Nikaanza kusema habari za mwakani, nikaishia njiani, maana hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amesogea karibu na kompyuta yangu. Aliweka kidole kwenye kioo akalisoma jina lake taratibu, lake, la baba na la babu.

"Kumbe nilikuwa nimeitwa," akasema.