Siku Ayoo Alipotoa Viti Nje

Ayoo hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka, vidole vyake vilitafuta uzi wa kung'oa kwenye leso. Kwa hiyo watu wa Kedowa walipouona uchaguzi wa tisini na saba ukikaribia, wakaanza kunong'ona na kulala macho, yeye aliamua kutengeneza sakafu.

Tena haikuwa sakafu ya hivi hivi. Nyumba ile ilijengwa na mkulima mmoja Mzungu zamani za ukoloni, na Oyugi, mumewe Ayoo, aliinunua alipokuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Chini zilikuwa mbao za elgoni, ngumu kweli, zile ambazo msumari huingia kwa kubembelezwa. Mgeni alikuwa akivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ikaja tisini na mbili na fujo zake za uchaguzi, watu wa kuja wakifukuzwa na kuchomewa nyumba. Walikimbia bila hata kufunga dirisha, wakakaa kwao Oyugi kule Nyakach, Ujaluoni, hadi mambo yalipopoa, na muda huo wote mvua ilikuwa ikiingia kwa dirisha lile. Waliporudi mbao zilikuwa zimejaa madoa meusi. Ayoo akatandika kapeti la plastiki juu yake, likakaa hapo mwaka baada ya mwaka.

"Utatengenezaje nyumba ambayo labda utaihama?" Oyugi alikuwa akimuuliza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hata akizoea boma, kamba ile huisikia kila anapotembea. Hilo ndilo lililomchosha. Hofu angeivumilia, asichoweza ni kuishi miaka yote kama mtu aliyeketi kwenye ukingo wa kiti. Alitaka kujua kama hapa ni kwao au si kwao. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia, alinunua msasa na kopo la vanishi akajijibu mwenyewe.

Jumamosi moja ya Oktoba walitoa kila kitu nje: viti, kabati la vyombo, kitanda, meza, vyote vikapangwa kwenye nyasi kando ya barabara. Kisha wakapiga magoti. Kwanza walitoa polishi nyekundu ya miaka mingi kwa matambara na mafuta ya taa, maana vanishi haishiki juu ya polishi. Halafu wakakwangua kwa vipande vya kioo, kama mafundi wafanyavyo, ukikilaza kioo kidogo nacho kinatoa unga mwembamba wa mbao. Mikono ya Oyugi, iliyozoea spana kubwa, ilivunja vioo ovyo. Akahamia kwenye msasa, akasugua kwa kukingama na mistari ya mbao.

"Fuata mistari ya mbao, Baba Celine! Unapekua kama kuku!"

Oyugi alinung'unika, lakini akafuata. Doa moja likatoka, na chini yake ikajitokeza rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ayoo alifurahi, akasema kwa sauti kwamba amefurahi, na kwa furaha hiyo hakutazama nje hata mara moja.

Nje, ng'ambo ya barabara, Gekara wa duka alikuwa akitazama. Gekara alikuwa mtu wa Kisii, na tisini na mbili yeye pia alikimbia. Aliona vitu vya Wajaluo viko kwenye nyasi, mwaka wa uchaguzi, kitanda na yote. Dalili ya mvua ni mawingu. Hakuvuka kuuliza, kwa sababu aliamini anayeuliza ndiye huachwa nyuma. Alifunga duka, akaita pikapu, akaanza kupakia magunia. Walioko sokoni walipomwona Gekara, nao wakaanza kufunga mizigo yao.

Aliyekuja kuuliza alikuwa Chepkosgei, Mkipsigis mwenyeji wa hapo, jirani wa upande wa pili wa ua. Aliingia bila hodi, na kwa hasira Kiswahili chake kilijaa lafudhi ya Kikipsigis, b ikitoka p na d ikitoka t.

"Mama Celine! Hata wewe? Mnaenta tena pila kuniampia? Mara ile nilipaki nikikamua ng'ompe yako, watu wananiuliza kama mko hai, na mimi sijui nijipu nini!"

Ayoo alikuwa magotini, kioo mkononi, ananuka mafuta ya taa. Kicheko kilimpanda. Kikaisha alipoona macho ya mwenzake yamejaa machozi.

"Natengeneza floor, Mama Kipruto."

"Floor?"

"Floor tu."

Halafu akaelewa watu wameona nini. Alivuka barabara mbio, Oyugi nyuma yake, wakamkuta Gekara akifunga turubai.

"Gekara, hatuendi! Tunapiga floor msasa!"

Gekara alimtazama kwa huruma. "Mwaka ule pia ulisema hamuendi. Lisemwalo lipo, mama, na kama halipo laja." Akaigonga pikapu. "Hapa kuna nafasi. Na vitu zenu tayari ziko nje."

Oyugi aligeuka akavitazama vitu vyao. Akatazama juu, upande wa milima ya Tinderet, ambako mvua ya alasiri ilikuwa imeshaiva. "Amesema ukweli," alisema polepole. "Kazi ngumu tumeshamaliza. Ni kupakia tu."

Ayoo aligeukia nyumba. Ndani sakafu ilikuwa uchi, imelowa mafuta na kujaa unga, haiwezi kupokea hata kigoda. Nje kulikuwa na mvua inayokuja na gari lenye turubai, injini inanguruma. Alivitoa vitu vile nje ili abaki, na sasa vilikuwa tayari kwa kuondoka. Alijikasirikia.

Chepkosgei hakumuuliza mtu. Alibeba kiti kichwani akapita nacho kwenye pengo la ua, akiingia kwake. Alirudi na mumewe, Kiptanui, wakabeba kitanda. Matone yalipoanza, wawili hao walikuwa wanahangaika na kabati, na Oyugi alikuwa bado amesimama katikati ya barabara. Kisha akalaani kwa Kijaluo, akakimbia, akashika upande mmoja wa kabati. Likaenda kwa Chepkosgei. Gekara aliondoka na mvua ile ile.

Vanishi ilipakwa wiki iliyofuata, sakafu ikang'aa. Lakini vitu havikurudi. Kila siku Chepkosgei alikuja, akainama, akagusa kwa kidole. "Pado haijakauka," alisema, akaenda zake. Ayoo na Oyugi wakawa wanalala kwenye godoro jikoni, na jioni wanavuka ua kwenda kuketi kwenye viti vyao wenyewe, wakiandaliwa chai kama wageni. Walicheka sana, hadi Desemba ilipoingia na Ayoo akachoka kucheka.

"Mama Kipruto, nipe kitanda yangu. Unaogopa nitatoroka? Nimekuambia siendi."

"Najua hauenti." Chepkosgei alikuwa akimimina chai, hakuinua macho. "Lakini nyumpa yenu ikichomwa, floor itaenta nayo. Kitanta itapaki."

Kiptanui alizima redio. Ayoo aliweka kikombe chini. Majuma yote hayo mwanamke huyu alikuwa akimwambia, sokoni na kanisani, mbele ya watu, kwamba mwaka huu hakuna litakalotokea, alale tu. Naye kwa neno hilo alikuwa amelala.

Asubuhi alifungua vanishi iliyobaki kwenye kopo, akapiga magoti kwenye kona ya mbali, akaipaka sakafu yote upya hadi mlangoni. Chepkosgei alipokuja na kidole chake, Ayoo alimzuia nje. Akamwambia asikanyage, bado haijakauka, kitanda kikae kwake kwanza.