Elfu Moja na Tisa

Mwalimu wa hesabu alifika shuleni amechoka. Magoti yalimuuma, koo lilimkauka kwa kupuliza filimbi, na nyumbani mkewe, aliyepooza upande mmoja, alikuwa akimsubiri amgeuze kitandani saa ya mapumziko. Nyumba yao ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa shule. Ili asihamishwe mbali nayo, alikuwa amevumilia mengi.

Mwalimu mkuu alitaka mkaguzi wa shule, aliyetarajiwa siku hiyo, awakute wanafunzi wote uwanjani kwa mistari iliyo sawa, asizidi hata mmoja. La sivyo, alisema, kuna shule huko mbali inayotafuta mwalimu wa hesabu.

Wanafunzi walikuwa elfu moja na tisa. Mwalimu aliinama akaigawa namba hiyo mchangani kwa kijiti. Kwa saba, akabaki mmoja. Kwa kumi na moja, wanane. Kwa kumi na tatu, wanane tena. Alipofika thelathini na moja akakitupa kijiti, maana namba yoyote kubwa zaidi ingehitaji mwenzake mdogo wa kuzidishwa naye, na wadogo wote alikwisha kuwajaribu. Ilikuwa namba tasa.

Mwalimu mkuu alicheka mbele ya walimu wengine. "Umefundisha kugawanya mpaka umeota mvi, leo kunakushinda?"

"Hii haigawanyiki, Mkuu. Hata aje nani."

"Basi toa mmoja." Akaelekeza kidevu kwa msichana wa darasa la nne aliyekuwa akichechemea kuelekea mstarini. "Yule. Akae maktaba mpaka mgeni aondoke."

Elfu moja na nane ingegawanyika bila shida: mistari ishirini na minane, watoto thelathini na sita kila mmoja. Mwalimu alikuwa hoi, akataka tu yaishe. Akamwita.

"Nimekosa nini, mwalimu?"

"Hujakosa, mwanangu. Mmezidi mmoja."

Mtoto aliwatazama wenzake, kisha akamtazama mwalimu. "Sasa kwa nini mimi ndiye niliyezidi?"

Hesabu ilidai mmoja tu, haikusema nani. Huyo nani alichaguliwa na mtu, na mtu mwingine akakubali kumwita kwa sababu alikuwa amechoka. Uchovu haumsafishi mtu kwa jambo kama hilo, na yeye alilijua.

"Rudi mstarini," alisema.

Akawapanga watoto thelathini na wawili kila mstari, mistari thelathini na mmoja, na nyuma kabisa mstari mfupi wa watoto kumi na saba. Mkaguzi alipopita, mwalimu mkuu alikuwa amekaza taya, hakumtazama mwalimu wa hesabu.

Mwalimu alifika nyumbani kwa kuchelewa, akamwomba mkewe radhi. Akamgeuza taratibu, akamwekea mto mgongoni, huku akimweleza agizo la mwalimu mkuu na kitisho cha shule ya mbali. Mkewe akauliza kama mistari ilikuwa sawa.

"Wa mwisho ulikuwa mfupi."

"Basi tutahama," mkewe alisema, akamwomba amshushie pazia, jua lilikuwa likimpiga usoni.