Hedi ya Mshindi

Juzi huko Tarasaa nilimwona fundi akifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini ya pikipiki, na harufu ya oili iliyoungua ikanirudisha Garsen, alasiri ile mjomba Buya aliposhinda mbio.

Zilikuwa mbio fupi za barabara iliyonyooka, kwa pikipiki zilizo kama zilivyotoka dukani, bila kuongezewa nguvu. Vigelegele vilikuwa havijakwisha fundi Dadho alipomwambia mjomba azime injini.

“Fungua hedi, Buya.”

“Mbona hamfungui ya Jillo?”

“Jillo kashindwa. Tufungue tutafute nini?”

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka; mbuzi wa zawadi alikuwa amefungwa pale pale, akilia. Fundi alimimina oili ndani ya hedi kwa bomba la sindano kama la hospitali, polepole, akitazama mistari yake. Leo najua alikuwa akipima nafasi ya ndani, kwa maana hedi iliyochongwa hupokea oili kidogo, na injini yake hupata nguvu isiyoruhusiwa. Siku ile nilielewa jambo moja tu: anayeshinda ndiye anayepasuliwa.

“Haijachongwa,” fundi alisema. “Chukua mbuzi wako.”

Kesho yake, katika mbio za miguu za shule, nilikuwa mbele ya wote. Karibu na kamba ya mwisho nilipunguza mwendo, nikamwacha Hawa, aliyekuwa wa pili, apite.